Mwaka wa kwanza wa afisa usalama wa mionzi katika hospitali kubwa ya umma

Barua ya uteuzi huwa fupi. Aya ya kwanza inakuteua kuwa afisa usalama wa mionzi, ya pili inasema utaendelea na majukumu yako ya sasa kama kawaida. Anayeipokea mara nyingi ni mwanafizikia tiba au mteknolojia wa radiolojia mwenye zamu zake tayari, na hospitali yenyewe ina vyumba vya eksirei kwenye majengo kadhaa, C-arm (mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la C) chumba cha upasuaji, CT-Scan, pengine tiba ya nyuklia (mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi) na tiba ya saratani kwa mionzi. Haya yanaandikwa kwa ajili yake, na sisi tulio kwenye kazi hii tumeyajua kwa kuyapitia.

Kabla hujajibu barua hiyo, omba iongezwe mambo matatu. Kwanza, kwamba una mamlaka ya kusimamisha papo hapo kazi yoyote ya mionzi ukiona hatari, bila kusubiri kikao. Pili, kwamba katika jambo la mionzi unaripoti moja kwa moja kwa mkurugenzi mtendaji. Tatu, saa ngapi kwa wiki zimetengwa kwa kazi hii. La pili ndilo hupingwa zaidi, na ndilo la lazima zaidi, kwa sababu mkuu wa idara ambaye chumba chake utalazimika kukifunga siku moja ndiye huyohuyo anayesaini ruhusa zako za likizo. Usiombe haya baada ya miezi sita. Siku ya uteuzi ndiyo siku pekee ambayo uongozi unakuhitaji kuliko wewe unavyouhitaji.

Ujue pia sheria inasimama wapi. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003, na msimamizi wake ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Kenya ina mamlaka yake ya udhibiti wa nyuklia chini ya sheria ya 2019, Uganda ina Baraza la Nguvu za Atomiki. Kote huko mwenye leseni ni taasisi, na dhamana ya usalama inabaki kwa taasisi. Wewe ni msimamizi na mshauri wake. Ndiyo maana kila ushauri wa maana uende kwa dokezo, upite masijala, uwekewe namba ya folio kwenye jalada. Ushauri uliotolewa kwenye korido haupo.

Orodha kabla ya vipimo

Hamu ya mtu mpya ni kuchukua kipimamionzi na kuanza kuzunguka vyumbani. Acha kwanza. Wiki za mwanzo ni za orodha. Chukua nakala ya leseni, chukua daftari la mali la bohari, kisha tembea na mhandisi wa vifaa tiba na mtunza bohari, mfungue kila mlango, pamoja na ile ambayo ufunguo wake haujulikani uko kwa nani. Utapata orodha tatu, ya leseni, ya bohari na ya macho yako, na hazitalingana. Kutolingana huko ndiko kazi yako ya miezi mitatu ya kwanza.

Tenganisha mashine na vyanzo. Mashine ya eksirei ikizimwa umeme haina mionzi yoyote, na ikibebwa kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu hatari yake ni mafuta ya transfoma na vioo. Chanzo cha mionzi hakizimwi. Tafuta kobalti-60 ya mashine ya tiba, iridiamu-192 ya brakitherapi (tiba ya saratani kwa chanzo kinachoingizwa mwilini), mirija ya zamani ya siziamu-137, sindano za radiamu za miaka ya nyuma zaidi, mashine ya kupigia damu mionzi, na vyanzo vidogo vya kuhakiki vipimo ambavyo hukaa kwenye droo za maabara bila mtu kuvijali. Baadhi ya mashine za kuhesabia sampuli maabara zina chanzo ndani yake, na aliyeziagiza huenda alishastaafu.

Kwa kila chanzo andika aina, nguvu yake na tarehe ambayo nguvu hiyo ilipimwa, namba ya chanzo, namba ya chombo kinachokihifadhi, mahali kilipo, jina la cheo cha anayekitunza, na upige picha ya kibandiko. Nguvu bila tarehe haina maana. Kobalti-60 hupungua nusu kila miaka 5.27, kwa hiyo chanzo cha terabekereli (kizio cha nguvu ya chanzo) 200 kilichofungwa leo kitakuwa na takriban 12.5 baada ya miaka 21. Kwa matibabu kimechoka kabisa, kikao cha mgonjwa mmoja kingechukua muda usiovumilika. Lakini mtu akisimama mita moja kutoka chanzo hicho kikiwa wazi, saa moja humpa takriban siveti (kizio cha mionzi inayoupata mwili) 4, kipimo ambacho bila matibabu huua karibu nusu ya wanaokipata. Hivi ndivyo vitu vinavyoandikwa "mashine mbovu, haitumiki" kwenye daftari la bohari.

Tukio la Mayapuri, Delhi, linafaa kusomwa na kila kamati ya uondoshaji mali. Idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Delhi ilikuwa na mashine ya kupiga mionzi yenye kobalti-60, iliyonunuliwa Kanada mwaka 1968 na kuacha kutumika tangu 1985. Februari 2010 iliuzwa kwa mnada. Wauza chuma chakavu waliifungua na kukata madini ya risasi yaliyozingira vyanzo, na Aprili hiyo watu walianza kufikishwa hospitali wakiwa na majeraha ya ngozi. Mmoja alifariki. Chuo kilikuwa na wasomi wa kutosha wa kujua kilichomo ndani. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye saini yake ingetakiwa kabla ya mnada. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, ilikuwa vilevile: kituo cha tiba kilihama jengo, kikaacha mashine yenye siziamu-137 nyuma, waokota chuma wakaichukua. Watu wanne walikufa na 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi.

Kwa hiyo, dokezo la kwanza kabisa kwa mkurugenzi liombe jambo hili moja: hakuna kifaa kinachotoka radiolojia, maabara au tiba ya saratani kwenda kwenye orodha ya mnada bila saini ya afisa usalama wa mionzi. Nenda mwenyewe kwenye kikao cha kamati ukalieleze. Waeleze pia kwamba hata kichwa cha mashine ya kobalti kilichotolewa chanzo si chuma cha kuuza tu, kwani baadhi yake zimekingwa kwa uraniamu iliyopungua nguvu, nayo ina udhibiti wake.

Kuondoa chanzo kikuukuu ni ghali na huchukua muda mrefu kuliko unavyofikiri. Tanzania ina ghala kuu la taka za mionzi Arusha chini ya Tume, lakini kabla chanzo hakijafika huko kunahitajika kibali, chombo cha kusafirishia kilichoidhinishwa, gari, usindikizaji, na fedha zilizotajwa kwenye bajeti. Kinga ya tatizo hili ni kwenye manunuzi. Mkataba wa chanzo kipya useme wazi kwamba mzabuni atarudisha cha zamani kwa mtengenezaji, kwa gharama iliyoandikwa humohumo. Iridiamu-192 hupungua nusu kila siku 74 hivi, na hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ukisaini mkataba usio na kipengele cha kurudisha, baada ya miaka miwili utakuwa na vyanzo sita kwenye chumba kilichojengewa kimoja.

Beji

Kila anayefanya kazi na mionzi huvaa beji inayorekodi mionzi anayoipata. Kikomo cha mfanyakazi ni milisiveti (sehemu moja ya elfu ya siveti) 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Mwananchi wa kawaida ni 1. Mikono na ngozi ni 500. Lenzi ya jicho ilikuwa 150 hadi mwaka 2011, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi iliposhauri ishushwe hadi 20, na bado kuna madaktari wanaofanya kazi kwa mazoea ya kikomo cha zamani.

Beji za TLD (zinazosomwa kwa joto) zina vipande vya kristali, kwa kawaida lithiamu floridi, vinavyohifadhi athari ya mionzi hadi vitakapopashwa moto maabara. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Beji iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani hupoteza sehemu ya kumbukumbu yake. Iliyofuliwa na koti huharibika. Iliyoachwa imebanwa kwenye aproni ya risasi inayoning'inia ndani ya chumba cha eksirei hupokea mionzi ya wagonjwa wa wiki nzima, na mwisho wa robo mwaka mfanyakazi anaonekana amepata kipimo cha kutisha wakati yeye alikuwa likizo. Na beji ya kulinganishia, ile isiyovaliwa na mtu, ikihifadhiwa karibu na chumba cha mionzi, inawapunguzia wote vipimo vyao kwa siri, kwa sababu thamani yake hutolewa kwenye kila beji nyingine. Ihifadhi ofisi ya utawala, mbali na idara.

Beji ivaliwe kifuani, chini ya aproni. Wanaosimama karibu na mgonjwa wakati C-arm inawaka wavae ya pili shingoni, nje ya aproni, maana hiyo ndiyo inayokadiria jicho na tezi ya shingo.

Matokeo yakirudi, macho ya wengi hukimbilia namba kubwa. Anza na sifuri. Daktari wa mifupa anayefanya upasuaji wa C-arm kila wiki akirudisha sifuri robo tatu mfululizo, beji yake iko kwenye droo. Namba kubwa ichunguzwe kwa utaratibu uleule kila mara: beji ilikaa wapi usiku, wenzake wa zamu hiyo wamepata ngapi, daftari la kazi linasema alifanya nini, na kipimamionzi kinasema nini pale beji ilipokuwa ikiwekwa. Andika hitimisho, mfanyakazi asome, asaini. Usimwite mbele ya wenzake. Mtu akiaibishwa mara moja kwa namba kubwa, robo inayofuata idara nzima itaacha beji nyumbani.

Kumbukumbu hizi hutunzwa hadi mfanyakazi afikishe umri wa miaka 75, na si chini ya miaka 30 baada ya kuacha kazi ya mionzi. Tafuta kabati la chuma na nakala ya kompyuta iliyo nje ya idara. Karatasi zilizo kwenye boksi chini ya meza hazifiki miaka 30.

Vyumba, mafundi na ndoo ya maji

Kipimamionzi kina mipaka yake. Cha Geiger ni kizuri kutafuta uchafuzi na chanzo kilichopotea, lakini eksirei huwaka kwa sekunde chache au chini ya hapo, na Geiger huonyesha pungufu kwenye mionzi ya mapigo mafupi. Kwenye uwanja mkali sana baadhi yake huzidiwa na kurudi sifuri. Kwa kupima kinga ya chumba tumia cha chemba ya ayoni. Kila siku kabla ya kazi angalia betri, angalia kama kinaonyesha kiwango cha kawaida cha mazingira, ambacho sehemu nyingi ni karibu maikrosiveti 0.1 kwa saa, kisha kisogeze kwenye chanzo kidogo cha kuhakiki na uone kama namba ni ileile ya siku zote. Kinatakiwa kuhakikiwa maabara kila mwaka, na kikiondoka kinaweza kukaa wiki nyingi, hivyo hospitali yenye kipimamionzi kimoja ni hospitali isiyo nacho kwa sehemu ya mwaka.

Chumba hakipimwi kikiwa kitupu. Kinachotoka kwenda kwa jirani ni mionzi iliyotawanywa na mwili wa mgonjwa, kwa hiyo weka kitu mahali pa mgonjwa. Dumu la plastiki la lita 20 lililojaa maji linatosha. Washa kwa kilovolti za juu zinazotumika chumbani humo na kwa muda ambao kipimamionzi kitawahi kutulia, kisha pima kingo za mlango, kioo cha chumba cha udhibiti, ukuta wa nyuma ya stendi ya kifua, na kila tundu la bomba.

Namba utakayoiona itawatisha wasiojua. Tuseme nyuma ya mlango unasoma maikrosiveti 40 kwa saa mashine ikiwaka kwa miliampia 100. Kama kazi ya wiki nzima ni jumla ya miliampia-sekunde (miliampia mara sekunde) 5,000, basi mashine inawaka sekunde 50 tu kwa wiki kwa kiwango hicho, na anayekaa nyuma ya mlango muda wote anapata maikrosiveti 0.56. Kwa mwaka ni kama maikrosiveti 28, sehemu ndogo sana ya milisiveti 1. Fanya hesabu hiyo mbele ya mkuu wa idara, kwenye karatasi, siku hiyohiyo. Ukiiacha namba 40 itembee peke yake korido, kesho asubuhi utakuta barua ya wafanyakazi wa benchi la nje wakitaka kuhamishwa. CT-Scan ni kinyume chake: usomaji unaweza kuonekana mdogo, lakini inafanya kazi usiku na mchana.

Kinga huharibiwa na matengenezo. Fundi wa kiyoyozi anatoboa ukuta kupitisha bomba, naye hajui kwamba ndani ya plasta kuna risasi. Fundi umeme anazamisha soketi mbili mgongo kwa mgongo kwenye ukuta uleule. Mabamba ya risasi ya milimita 2 yaliyopigiliwa mlangoni hulegea kwa uzito wake na kushuka miaka inavyokwenda, na juu ya mlango panabaki ufa usioonekana hadi upime. Halafu kuna mabadiliko ambayo hayagusi ukuta kabisa: chumba cha jirani kilichokuwa stoo ya shuka, mtu akipita mara moja kwa siku, kinageuzwa kuwa ofisi ya karani anayekaa saa nane. Hesabu ya kinga ilifanywa kwa ajili ya stoo. Zungumza na kitengo cha miliki, kila kibali cha kazi katika majengo hayo kipitie kwako, na ubandike kwenye milango ya vyumba vya jirani karatasi inayosema matumizi yake yasibadilishwe bila kuwasiliana nawe.

Aproni zining'inizwe, zisikunjwe wala kukaliwa. Zipe namba, na kila mwaka uzipitishe chini ya fluoroskopi (eksirei inayoonyesha picha papo hapo kwenye skrini), au uzipige picha, kutafuta nyufa ambazo kitambaa cha nje hakionyeshi.

Chumba cha upasuaji ndicho kigumu kuliko vyote kwa sababu pale bosi ni mpasuaji. Usiende na sheria. Nenda na dumu la maji na kipimamionzi siku isiyo na wagonjwa, umuonyeshe daktari usomaji ukiwa kwa nusu mita kisha kwa mita moja: unashuka hadi robo hivi. Muonyeshe mrija wa eksirei ukiwa juu ya meza, kisha ukiwa chini, na asome mwenyewe namba ya usawa wa macho. Mrija ukiwa chini, mionzi mingi iliyotawanyika inaelekea sakafuni na miguuni. C-arm ikilazwa kwa picha ya ubavu, asimame upande wa kipokea picha, kamwe asisimame upande wa mrija. Wapasuaji ni watu wa ushahidi, na dakika kumi za vipimo hufanya kazi ambayo waraka wa mwaka mzima haufanyi.

Tiba ya nyuklia

Hapa mionzi imo ndani ya dawa: inamwagika, inatoka na mkojo, inapanda kwenye viatu. Anza na lango kuu. Kifurushi cha dawa ya nyuklia kinaweza kufika Jumamosi usiku, na mlinzi asiyefundishwa atakiweka chini ya meza yake hadi Jumatatu. Kibandiko cheupe cha daraja la kwanza maana yake usomaji wa juu ya boksi hauzidi milisiveti 0.005 kwa saa. Cha njano cha daraja la pili hufika 0.5, cha daraja la tatu hufika 2. Walinzi wapewe karatasi yenye picha za vibandiko, namba ya simu ya zamu, na ufunguo wa chumba kimoja cha kupokelea. Kipokelewe, kipimwe juu na kwa mita moja, kipanguswe kwa karatasi ya kutafuta uvujaji, ndipo kifunguliwe.

Mgonjwa wa saratani ya tezi akinywa gigabekereli 3.7 za iodini-131, mwanzoni anatoa kama milisiveti 0.2 kwa saa kwa umbali wa mita moja. Muuguzi akikaa nusu saa kando ya kitanda amepata 0.1. Mpange kazi kabla dawa haijanywewa: dripu, vipimo vya damu, maelezo ya chakula, vyote vimalizike kwanza. Siku mbili za mwanzo sehemu kubwa hutoka kwa mkojo. Mwanamume naye aketi chooni, maji yavutwe mara mbili, na mfanya usafi asiingie hadi upime.

Taka husubiri. Nusu-uhai (muda wa nguvu kupungua nusu) kumi hupunguza nguvu zaidi ya mara elfu moja: saa 60 kwa teknitiamu-99m, siku 80 kwa iodini-131. Mfuko uliochanganywa hufuata iliyo ndefu, kwa hiyo ndoo zitenganishwe tangu chumba cha sindano, kila mfuko uandikwe aina, tarehe na usomaji. Mabaki ya chakula ya mgonjwa wa iodini hayawezi kukaa siku 80 kwenye kabati katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Yanahitaji friza, na friza hiyo iandikwe kwenye bajeti ya kwanza kabisa. Siku ya kutupa, pima mfuko sehemu isiyo na mionzi mingine. Ukilingana na mazingira, ondoa au futa alama zote za mionzi kabla haujatoka, la sivyo utapigiwa simu kutoka dampo.

Ikimwagika, mwambie kila mtu asitembee. Funika kwa karatasi ya kunyonya, weka alama ya mpaka, kisha futa kutoka ukingoni kuelekea katikati, ukibadili glovu kila mara, na pima viatu vya kila anayetoka. Madhara makubwa ya kumwagika hufanywa na mtu aliyekimbia kutafuta mopu.

Chanzo kikikwama

Mwaka 1992 katika mji wa Indiana, jimbo la Pennsylvania, Marekani, chanzo cha iridiamu-192 kilikatika kutoka kwenye waya wake na kubaki ndani ya mwili wa mgonjwa. Kengele ya ukutani iliwaka. Wafanyakazi walidhani ni mbovu kama ilivyowahi kuwa, wakaiangalia mashine iliyosema chanzo kimerudi, na hawakumpima mgonjwa kwa kipimamionzi cha mkononi. Alirudishwa kwenye nyumba ya wauguzi na akafariki siku chache baadaye. Chanzo kiligunduliwa na kengele ya kituo cha taka. Watu zaidi ya tisini walipitiwa na mionzi hiyo bila kujua.

Kutokana na hilo, kila mgonjwa wa brakitherapi apimwe kwa kipimamionzi cha mkononi kabla hajatoka chumbani, kila kikao, hata kama foleni imefika getini. Na kengele ya ukutani inayolia bila sababu itengenezwe siku hiyo, kwa kuwa kengele iliyozoeleka imeshazimwa vichwani mwa watu. Iwekewe betri yake, umeme ukikatika iendelee.

Waelimishe wenzako kwa namba, maana hofu ndiyo inayochelewesha. Chanzo kipya cha gigabekereli 370 hutoa takriban grei (kwa mionzi hii ni sawa na siveti) 7 kwa dakika kwa umbali wa sentimita moja. Kwa mita moja, dakika hiyohiyo ni chini ya milisiveti 1. Anayeingia kumsaidia mgonjwa anapata kipimo kidogo, anayesubiri nje akipiga simu anamwachia mgonjwa majeraha yasiyopona. Mfuatano ni huu: kitufe cha dharura kwenye chumba cha udhibiti, kisha ingia na kipimamionzi mkononi na uzungushe mkono wa kurudisha chanzo. Kisiporudi, toa mwilini mwa mgonjwa kifaa chote kinachopitisha chanzo, kitumbukize kwenye chombo cha risasi kinachokaa wazi kando ya kitanda kila kikao, mtoe mgonjwa, mpime akiwa nje, funga mlango. Koleo ndefu na mkasi viwe vimening'inia ukutani, si kwenye kabati lenye kufuli.

Kwa mashine ya kobalti, chanzo kikikwama wazi, mtoe mgonjwa kwanza, ukipita pembeni bila kukatiza njia ya mionzi. Upau wa T wa kusukuma chanzo kirudi unafuata baadaye, na kama hauendi kwa msukumo wa kwanza, toka, funga, ita watu. Fanyeni zoezi hili kwa saa ya mkononi kila baada ya miezi michache, na zamu ya usiku ishiriki.

Watu na fedha

Utakuwa mpweke kiasi. Wakati mwingine utasimamisha orodha ya wagonjwa waliosafiri kutoka mikoani, na watakulaumu wewe, hawatalaumu mlango usiofunga. Hilo linachosha, na ni afadhali kulijua mapema. Utakutana na imani kwamba maziwa huondoa mionzi mwilini. Hayaondoi, lakini usimdhihaki mzee wa kazi aliyeyanywa miaka ishirini. Mwonyeshe kadi yake ya vipimo, humo kuna jibu analolitafuta. Mfanyakazi akisema ni mjamzito, kikomo cha mtoto ni milisiveti 1 kwa muda uliobaki, na kwa kawaida inatosha kumbadilishia kituo bila kumwondoa kazini. Wanaoogopa kupoteza posho huficha hadi mwezi wa tano, hivyo hakikisha kwa maandishi kwamba posho haiguswi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na maombi hukusanywa miezi mingi kabla. Weka vifungu vyenye majina yake: ada ya leseni, beji na usafirishaji wake, uhakiki wa vipimamionzi, kurudisha vyanzo, aproni, betri. Kikiandikwa "vifaa vya usalama" kwa jumla, kitakatwa cha kwanza. Beji zikisimama robo moja kwa kukosa malipo, hakuna njia ya kuzirudisha namba hizo.

Siku ya kukabidhi, usikabidhi mafaili ofisini. Tembea tena na mrithi wako, mtunza bohari na mhandisi, kutoka chanzo hadi chanzo, na kwa kila kimoja asome namba mwenyewe kwenye chombo, asome kipimamionzi mwenyewe, asaini kwenye mstari wake. Mpe funguo na nakala zake, nywila ya kompyuta ya vipimo, tarehe ya kuisha kwa kila leseni, majina ya mafundi waliotoboa kuta, na orodha ya madokezo ambayo hayajajibiwa. Nakala ya hati hiyo iende kwa mkurugenzi na nyingine iingie jalada la leseni.